Umepasua jiwe ukakuta samaki: namna ya kujua kama ni silikanti au samaki wa kawaida

Ukipasua jiwe afu ndani ukakuta samaki amelala ubavu, moyo unakwenda mbio na mkono wenyewe unatafuta brashi ili uone vizuri. Subiri kwanza. Kisukuku changu cha kwanza cha maana, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyobaki kwenye jiwe, nilikisugua na mswaki chini ya bomba, magamba yakabanduka yakaenda na maji kama masizi, nikabaki na kivuli tu cha samaki kwenye jiwe, na kwa vile magamba ndo yangesema ni nani, mpaka leo sijui yule alikuwa samaki gani na hakuna mtu wa kuniambia. Iliniuma sana na bado inaniuma, ndo maana naandika hii. Silikanti ninayemsema ni samaki adimu wa ukoo wa kale sana, mapezi yake yana vishina kama mikono mifupi.

Kwa hiyo ukimwona, weka nyundo chini, toa simu piga picha akiwa pale pale kabla hujamsogeza, piga na ukuta wote wa mwamba ionekane katoka tabaka lipi, hifadhi namba za GPS, na uandike kama umemtoa kwenye tabaka lenyewe au umeokota jiwe lililokwishaanguka chini, maana hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Kisukuku kisichojulikana kimetoka wapi kinabaki kuwa pambo, hata kiwe kizuri vipi.

Na jiwe likipasuka linatoa pande mbili. Upande mmoja unakuwa na mifupa, mwingine una chapa yake, na watu wengi wanachukua ule unaopendeza wanaacha mwingine hapo hapo chini. Usiuache! Mara nyingi gamba linabaki limeshika huku na mfupa wa kichwa umeshika kule, yaani samaki mmoja kagawanyika kwenye mawe mawili, ukipoteza moja umepoteza nusu ya ushahidi. Andika 1A upande mmoja na 1B upande wa pili, nyuma ya jiwe sio juu ya samaki, funga kila upande na tishu peke yake, na vipande vidogo vilivyodondoka viweke kwenye kifuko chenye namba ile ile. Gundi ya haraka ile inayoganda papo hapo usiiguse, ikishaingia kwenye mfupa kuitoa ni kazi kubwa.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi ila ni muhimu: ulizia kabla hujaenda kuchimba, sio baada. Marekani kwenye sehemu kubwa ya ardhi ya serikali kuu unaweza kuokota visukuku vya kawaida vya konokono na majani kwa matumizi yako, lakini kitu chochote chenye uti wa mgongo, samaki wakiwemo, kinataka kibali, sheria ni ya 2009. Brazil visukuku ni mali ya taifa tangu 1942. Afrika Kusini nako kunatakiwa kibali.

Sasa, swali la kwanza la kujiuliza sio huyu ni samaki gani, ni mwamba huu una umri gani. Watu wanaliruka hili wanakimbilia kulinganisha picha na hapo ndo wanapopotea. Tafuta ramani ya jiolojia ya eneo lile, nchi nyingi zinazo na nyingine ziko bure mtandaoni, uone tabaka lako ni la kipindi gani na ni samaki gani wameshapatikana humo. Silikanti wanaonekana kwenye miamba kuanzia kipindi cha Devoni, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, wanakuja mpaka mwisho wa kipindi cha Kreta miaka milioni 66 iliyopita, halafu kwenye mawe ni kimya. Wanasayansi waliamini wameisha kabisa mpaka Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomkuta mmoja kwenye lundo la samaki walioletwa na meli ya uvuvi, mrefu kama mita moja na nusu, na mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akamtambua akampa jina Latimeria chalumnae. Smith aliweza kumtambua samaki mbichi kwa sababu sura yake ilishajulikana kutoka kwenye mawe, fikiria hilo.

Kwa hiyo mwamba wako ukiwa wa miaka milioni 50, kama ule wa Green River kule Wyoming, Marekani, uwezekano mkubwa sana samaki wako ni Knightia, jamaa wa ukoo wa dagaa, wamejaa mle mpaka wanatoka makundi kwa makundi kwenye bamba moja. Hakuna ubaya, ni mzuri, ila sio adimu. Adimu unaifikia kwa kuwaondoa wa kawaida mmoja mmoja mpaka wanaisha.

Na hakikisha ni samaki kweli. Madini ya manganizi yanachora kwenye mawe michoro myeusi kama matawi ya mti na wengi wameidhania mimea au mapezi. Chukua lenzi ya mkono ya mara 10, sogeza jicho karibu kabisa na lenzi afu sogeza jiwe mpaka lionekane vizuri. Mfupa una mwili wake, una rangi tofauti na jiwe, una mng'ao kidogo, una vitundu vidogo vidogo ndani, na magamba yanajirudia kwa mpangilio. Mchoro wa manganizi ni rangi tu iliyolala juu ya jiwe, haina unene.

Haya, tuje kwenye samaki mwenyewe. Anza mkiani. Najua macho yanataka kichwa, lakini kichwa mara nyingi kimepondwa kimekuwa rundo la mifupa linalowasumbua hata wataalamu, wakati mkia unasoma hata ukiwa mgeni. Mkia wenye ncha mbili zinazolingana, kama wa samaki wengi unaowajua, hapo una samaki wa kundi la kawaida. Mkia ambao uti wa mgongo unapinda unapanda kwenye ncha ya juu na ncha hiyo ni ndefu kuliko ya chini, hapo fikiria papa au samaki wa zamani wa magamba magumu. Mkia wa silikanti hauko hivyo wala hivyo: ni mpana kama kafi, juu pezi, chini pezi, na katikati mwili unaendelea moja kwa moja mpaka unatokeza nyuma kwa kishungi kidogo, kama ncha ya brashi ya rangi. Hicho kishungi cha katikati ndo cha kutafuta. Kinavunjika kirahisi, na mara nyingi kinakuwa bado kimefunikwa na jiwe, kwa hiyo usiseme hakipo mpaka uangalie ukingo wa nyuma milimita kwa milimita na taa ya pembeni.

Ila mkia wa namna hiyo peke yake hautoshi. Eusthenopteron, yule samaki maarufu wa kale wa Miguasha kule Quebec, Kanada, naye mkia wake una sehemu tatu, na wengi wameteleza hapo. Angalia miale ya pezi, yaani vile vijiti vinavyolitandaza: kwa silikanti ni minene, michache, unaweza kuihesabu, na kila mmoja umekaa kwenye mfupa wake wa kuushikilia, moja kwa moja, kama meno ya kitana. Kwa Eusthenopteron miale ni mingi, myembamba na inagawanyika. Afu yeye ni wa Devoni tu, kwa hiyo kama mwamba wako ni wa Triasi, kipindi cha baadaye sana, umeshamwondoa bila hata kufungua lenzi, umeona sasa kwa nini nilisema tuanze na umri.

Ukitoka mkiani panda mgongoni. Silikanti ana mapezi mawili ya mgongoni, la mbele limesimama kama tanga, lina miale migumu, na la nyuma limekaa kwenye kishina cha nyama. Mapezi ya kifuani na tumboni nayo yana kishina, kama mkono mfupi wenye pezi mwishoni. Kwenye jiwe nyama haipo, kwa hiyo utakachoona ni nafasi kati ya mwili na pale miale inapoanzia.

Halafu tafuta uti wa mgongo, na hapa kuna kitu ninachokipenda sana. Kwa samaki wa kawaida utaona pingili zimepangwa kama shanga. Kwa silikanti katikati ya mwili kuna utepe mtupu, hakuna kitu, miiba ya juu inaishia pale na miiba ya chini inaanzia pale. Sio kwamba mifupa imepotea, hakuwahi kuwa na pingili za mfupa, alikuwa na mrija laini uliojaa majimaji ambao umeoza. Samaki wengine wa kale wako hivyo pia kwa hiyo usishangilie bado, weka tu kwenye orodha yako. Sasa weka lenzi kwenye ile miiba yenyewe mahali ilipovunjika. Ikiwa na tundu ndani kama mrija, au imepondeka ikawa mistari miwili sambamba na katikati kumejaa jiwe, umekaribia sana. Hata jina Coelacanthus, ambalo ndo limezaa neno silikanti, alilotoa mtaalamu wa visukuku vya samaki Louis Agassiz mwaka 1839 maana yake ni mwiba wenye tundu.

Magamba yake ni ya duara, membamba, yanapandana, na juu yana vijistari au vinundu vidogo sana ambavyo kwa jicho tupu ni kama ukwaruzo. Ukiona magamba ya umbo la almasi, mazito, yanang'aa kama yamepakwa vanishi na yamepangwa kama vigae, huyo ni mwingine, labda jamaa wa Lepidotes, samaki mwingine wa kale. Ukikuta kibamba cha jino chenye matuta yaliyofunguka kama kipepeo cha mkono, huyo ni kambare mamba wa kale. Mabamba mazito ya mfupa yanayofunika kichwa na kifua kama deraya, hao ni samaki wa deraya wa Devoni.

Ukipata vipande tu bila samaki mzima usikate tamaa. Kuna mkusanyaji mmoja binafsi alinunua kipande kutoka machimbo ya fosfeti ya Morocco akiamini ni fuvu la mtambaazi arukaye, akashangaa kuona kimeundwa na vibamba vingi vyembamba vya mfupa, akampelekea mtaalamu wa visukuku David Martill wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, naye akamshirikisha Paulo Brito wa Brazil aliyekuwa amesomea mapafu ya silikanti kwa miaka mingi. Kumbe lilikuwa pafu lenyewe lenye ganda la mfupa, la silikanti mkubwa waliyemkadiria kufika mita 5, wakatangaza 2021. Na mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walionyesha mifupa zaidi ya 50 ya silikanti wa Triasi iliyokuwa imekaa kwenye makumbusho za Uingereza, baadhi imeandikwa kuwa ya mtambaazi mdogo wa baharini. Basi ukiona kitu hakikai sawa na jina lililoandikwa, sema.

Kama jiwe umelinunua badala ya kulitoa mwenyewe, kwanza shuku. Kuna wanaochonga mapezi au kupaka rangi ili samaki nusu aonekane mzima. Chovya pamba kwenye asetoni gusa pembeni kabisa, rangi ikitoka kwenye pamba umeshajua. Ukiona kwa lenzi viputo vya hewa ndani ya kisukuku, maana yake ni resini, yaani gundi ngumu kama plastiki ya kujazia.

Picha za kumtumia mtaalamu zinataka uvumilivu. Zima flashi. Weka taa chini pembeni, karibu ilale sawa na jiwe, ili vivuli vichore mifupa, piga mwanga ukitokea kona ya juu kushoto ya picha, afu zungusha taa upige tena. Weka rula ndani ya picha, sio kidole. Piga samaki mzima, afu mkia, mapezi, magamba na miiba kwa karibu, pande zote mbili za jiwe. Tone la maji linaweza kuonyesha zaidi, ila ukiona chembe za rangi ya dhahabu kwenye jiwe usililoweshe kabisa, hiyo ni pairaiti, ikipata unyevu inatengeneza asidi inayokula kisukuku taratibu mpaka kinakuwa unga. La hivyo liweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Tuma kwenye makumbusho au idara ya jiolojia ya chuo, na uandike ulichokiona, sio unachotamani. Usiandike nimepata silikanti. Andika mkia una sehemu tatu, miale ya juu nimehesabu kadhaa, uti wa mgongo hauna pingili, mwamba ni wa kipindi fulani, namba za GPS hizi hapa. Mtu akipata barua kama hiyo anajua anaongea na mtu makini, anajibu. Na ikitokea ni aina mpya kabisa jiandae kukitoa, kwa sababu kisukuku kinachobeba jina la aina mpya kinatakiwa kukaa kwenye mkusanyo ambao watafiti wote wanaweza kukifikia.

Rafiki yangu alituma picha zake hivyo, nzuri tu, na swali la kwanza alilorudishiwa lilikuwa upande wa pili wa jiwe uko wapi. Akanipigia, "kaka, ule upande niliutupa pale pale." Tukarudi wawili, siku ya kwanza hatukuona kitu, siku ya pili tukaukuta umelala kifudifudi chini ya kokoto, tukaugeuza polepole, na kishungi cha mkia chote kilikuwa kimebaki upande ule.