Kabla ya kuripoti chuo: majina, bumu na chumba

Kinachowakwamisha wengi wiki ya usajili ni jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamed, cha kuzaliwa Mohammed, na kitambulisho cha taifa (NIDA) kimebeba majina mawili badala ya matatu. Bodi ya Mikopo (HESLB) humtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, hivyo jina la cheti hicho ndilo liongoze mengine yote, hata la akaunti ya benki. Tandaza vyeti vyako vyote leo, ulinganishe herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, nenda kwa wakili akuandalie kiapo. Kama jina limebadilika kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja, na ukiwa umeshafika chuo mkoa mwingine shughuli inakuwa ngumu zaidi.

Laini ya simu uliyoombea chuo usiitupe. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya uthibitisho kwenye laini hiyo, na lazima athibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Fomu ya afya iliyo kwenye maelekezo ya kujiunga ijazwe na daktari ukiwa bado nyumbani, ukihakikisha ina saini na muhuri. Beba vyeti halisi, nakala zilizothibitishwa na wakili, na picha za pasipoti za kutosha.

Sasa fedha. Bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, haliingii siku unayofika. Kwanza usajiliwe, na usajili haukamiliki kama hujalipa sehemu ya ada isiyobebwa na mkopo. Ukipangiwa asilimia 60 ya ada, asilimia 40 ni yako, na hulipwa kwa kontro namba inayotoka kwenye mfumo wa chuo. Usimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu akulipie. Baada ya hapo ndipo unasaini kupokea bumu, na malipo hufuata. Kwa hiyo wazazi waelezwe mapema kwamba hata mwenye mkopo kamili anahitaji fedha ya chakula na nauli ya siku 40 hivi. Kwa Sh 6,000 kwa siku, hiyo ni Sh 240,000. Bumu likiingia, ligawe siku hiyo hiyo: anayepata Sh 10,000 kwa siku hupewa Sh 600,000 za siku 60, na wengi huishiwa kabla ya siku ya 30 kwa sababu ya simu mpya.

Hosteli za chuo ni chache. Omba mara tu mfumo unapofunguliwa, na ulipie ndani ya muda, la sivyo nafasi hupewa mwingine. Anayepanga mtaani ajue kwamba wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6, na dalali huchukua ya mwezi mmoja. Chumba cha Sh 60,000 kinahitaji Sh 420,000 mkononi kabla hujanunua hata ndoo. Uliza kama LUKU (mita ya umeme) ni ya peke yako au ya kuchangia, maji hutoka siku zipi, na njia ya kurudi saa 3 usiku ikoje. Usitume fedha kabla ya kukiona chumba. Matapeli wanaujua vizuri msimu huu.

Godoro nunua ukishafika, baada ya kupima kitanda. La dabo deka kwa kawaida ni futi 2.5 kwa 6. Neti ni lazima. Hita ya maji iache, hosteli nyingi zimeikataza kwa hofu ya moto.

Kwenye masomo, fahamu kwamba katika vyuo vingi alama 40 kati ya 100 hupatikana kabla ya mtihani wa mwisho (UE), kupitia majaribio na kazi za vikundi. Anayeingia UE akiwa na 15 kati ya 40 anahitaji 25 kati ya 60 ili tu afikishe 40 za kufaulu, na hapo ndipo sapu, yaani mitihani ya marudio, zinapozaliwa. Wiki ya kwanza chukua mpango wa kila kozi, uandike tarehe za majaribio. Ukiugua siku ya jaribio, peleka cheti cha daktari idarani mara moja, wala usisubiri matokeo yabandikwe.