Wimbo ukiisha, usizime kinasa sauti

Nimelijua hili nikirekodi akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma yao ya asili, vijijini Dodoma. Ngoma zikinyamaza, acha simu iendelee kurekodi, msogelee mama aliyeongoza wimbo na umwombe: "Mama, hebu niambie yale maneno taratibu, bila kuimba." Dakika mbili zinatosha.

Muheme hubanwa katikati ya magoti, karibu na mwimbaji mwenyewe, kwa hiyo kishindo chake humeza silabi za mwisho, na kiitikio huingia kabla kiongozi hajamaliza mstari. Halafu lugha nyingi za Kibantu hubadili maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Melodia inafunika hilo kabisa. Akiyasema tu, unayapata. Tena yakiwa kwenye faili moja na wimbo wenyewe, hayapotei wala kuchanganywa na ya wimbo mwingine. Na mara nyingi, akishaanza kusema, anakueleza mwenyewe aliyetajwa ni nani na wimbo huimbwa lini. Hayo ni dhahabu.

Inashindikana kwa nyimbo za kutunga papo hapo, maana atakupa maneno mapya. Wazee wengine nao hawakumbuki mstari mpaka wauimbe. Hao waombe waimbe polepole, bila ngoma. Nyimbo za jando na unyago usiziombee maneno kabisa kabla wenyewe hawajakuruhusu.