Jinsi ya Kukadiria Hatari kwa Vipimo vya Damu Moyo Unaposhindwa Kazi kwa Muda Mrefu
Anza na NT-proBNP, kipande cha protini kinachoingia kwenye damu pale kuta za moyo zinapotanuliwa na shinikizo, kwa kuwa ndicho kipimo chenye ushahidi mwingi zaidi katika kutabiri vifo na kulazwa hospitalini. Kipimo kichukuliwe mgonjwa akiwa ametulia, kisha kirudiwe baada ya miezi michache ya matibabu, maana mwelekeo una uzito kuliko namba moja: aliyeshuka kutoka pikogramu 3,000 hadi 900 kwa mililita ana matumaini makubwa kuliko aliyebaki kwenye 2,800 licha ya dawa zote.

Kabla ya kutoa uamuzi, mtazame mgonjwa mwenyewe. Unene hushusha kiwango cha NT-proBNP, ilhali umri mkubwa, figo dhaifu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio hukipandisha. Anayetumia dawa ya moyo yenye sakubitrili pamoja na valsatani afuatiliwe kwa NT-proBNP badala ya BNP, homoni ya moyo inayotoka pamoja nayo, kwa sababu dawa hiyo huzuia BNP isivunjwe mwilini.

Ongeza troponini (protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia), kreatinini (kipimo cha kazi ya figo), himoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu) na sodiamu (madini ya chumvi). Sodiamu iliyo chini ya milimoli 135 kwa lita huashiria hatari kubwa zaidi. Feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, nisingeiacha kamwe, kwani ikiwa chini ya mikrogramu 100 kwa lita huonyesha upungufu wa madini ya chuma, na upungufu huo unatibika.

Namba za NT-proBNP zikipanda ghafla, uliza kwanza kama dawa zinamezwa ipasavyo, pima uzito, na ubonyeze miguu kuona kama imevimba.