Kuondoa nta ili karameli ishike kwenye tufaha
Watoto wa nyumbani hapa Mtwara walipotaka matufaha meusi ya kutisha kwa ajili ya Halloween, sherehe ya mambo ya kutisha ya Oktoba 31, karameli yote (sukari iliyopikwa ikawa nzito) tuliyoitia rangi nyeusi iliteleza na kutuama kwenye sahani mithili ya lami. Kisa ni nta inayopakwa matunda ya dukani ili yang'ae: yatumbukize katika maji yaliyochemka kwa sekunde 10, yasije yakaiva, kisha uyasugue kwa kitambaa kikavu mpaka ganda lipoteze mng'ao, ndipo uyachovye. Hila hii haifui dafu iwapo tufaha limetoka kwenye friji na bado lina jasho, wala ukiyaacha wazi usiku kucha, kwa kuwa unyevu wa pwani yetu huilainisha hata karameli iliyoshika vizuri. Rangi nyeusi, kwa bahati mbaya, haitoki kirahisi mezani.