Nyumba yako ya kwanza ya kupangisha Tanga: anza na karatasi, benki baadaye

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu akitoka kazini bandarini. "Mjomba, shikamoo. Nimepata nyumba Ngamiani, vyumba sita, wapangaji wamo ndani. Lakini benki wamenirudisha." Nikamwuliza muuzaji amempa karatasi gani. Akasema muhtasari wa kikao cha ukoo, umegongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Hapo nikajua benki hawakumwonea. Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo hiyo nilipokuwa nanunua nyumba yangu ya Mabawa, na ilinichukua miezi 11 kuimaliza.

Namwandikia mtu kama yeye: ana mshahara wa kawaida na akiba kidogo, na anataka nyumba moja ya kupangisha hapa mjini. Nalishikilia jambo moja kuliko yote. Karatasi aliyonayo muuzaji ndiyo inayoamua utanunua kwa fedha ya aina gani. Ukianza na mkopo utazunguka bure.

Hatua ya 1: Soma karatasi, usiishie kwenye jina

Kwa sheria zetu mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Tunachouziana ni haki ya kuimiliki kwa muda. Hati miliki huwa ya miaka 33, 66 au 99. Watu husoma jina na namba ya kiwanja wakafunga bahasha. Soma na tarehe ya kuanza. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, na hakuna benki itakayokupa mkopo wa miaka kumi juu ya haki iliyobakiza miaka michache. Hati hiyo ihuishwe kwanza, na bei mliyopatana izingatie hilo.

Ofa, yaani barua ya toleo la kiwanja, siyo hati. Leseni ya makazi, inayotolewa maeneo yasiyopangwa, nayo siyo hati miliki. Nje ya mji, kwenye ardhi ya kijiji, utakuta hati ya hakimiliki ya kimila, na hiyo ina taratibu zake kupitia halmashauri ya kijiji. Zote hizi ni karatasi halali, ila kila moja ina mlango wake wa fedha.

Niseme kidogo kuhusu upande wa Chongoleani, maana simu nyingi ninazopokea siku hizi ni za huko. Tangu lianze kujengwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi hapo Chongoleani, kila dalali ana kiwanja cha kukuonyesha. Kama kipo pwani, pima mwenyewe kutoka kwenye maji: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Kama eneo lilikuwa shamba la mkonge, ulizia ofisi ya ardhi hati ya shamba zima ni ya nani. Mtu anaweza kuwa amelima pale miaka 20 na bado hana cha kukuuzia. Tena ukishanunua kiwanja kitupu, hati nyingi zina sharti la kukiendeleza ndani ya miezi 36. Kukaa nacho ukisubiri bei ipande ni kuvunja sharti, na miliki inaweza kufutwa. Kwa anayeanza, mimi nashauri nyumba yenye wapangaji, hata ikiwa ya zamani, kuliko kiwanja cha matumaini.

Hatua ya 2: Upekuzi rasmi

Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya mkoa. Usimtume dalali, wala usikubali nakala ya upekuzi aliyokuja nayo muuzaji. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna rehani au zuio. Ukiwa pale ulizia na deni la pango la ardhi. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo mwombe muuzaji namba ya mita ukaangalie nayo kama ina deni.

Hatua ya 3: Kama mwenye jina kwenye hati amefariki

Hapa ndipo miezi yangu 11 ilipokwenda, na ndipo mpwa wangu alipokwama. Ngamiani imejaa nyumba za urithi. Babu alijenga, baba akakaa, sasa watoto wako Dar, Muscat na Mombasa, na mmoja aliyebaki nyumbani ndiye anayekuonyesha vyumba.

Kikao cha ukoo hakiuzi nyumba. Kinapendekeza jina la msimamizi wa mirathi, basi. Anayempa msimamizi mamlaka ni mahakama. Mirathi ya Kiislamu na ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na karatasi ya kuteuliwa wanaiita Fomu Namba 4. Muuzaji akikwambia "sisi wote tumekubaliana," mjibu kwa adabu kwamba umefurahi kusikia, na unaomba kuiona Fomu Namba 4.

Ukiionyeshwa, usiishie hapo, kama nilivyoishia mimi. Ya nyumba yangu ilikuwa imekunjwa mara nne, imebandikwa selotepu kwenye mikunjo, muhuri wa mahakama unasomeka vizuri kabisa. Nililipa nusu ya bei siku ile. Nilipopeleka mafaili ardhini, karani alisoma tarehe, akanitazama, akaniuliza swali moja: "Mirathi hii imeshafungwa?" Sikujua anamaanisha nini.

Maana yake ni hii. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali, Fomu Namba 5, na hesabu ya mgawanyo, Fomu Namba 6. Mahakama ikizipokea na kufunga jalada, kazi yake imekwisha na mamlaka yake yamekwisha. Msimamizi wangu alifunga jalada miaka mingi nyuma, na kwenye mgawanyo nyumba ile iliandikwa ya dada zake watatu. Aliyeniuzia alikuwa anauza mali ya watu wengine, na naamini hata yeye hakulielewa hilo. Alijiona bado ni msimamizi kwa sababu karatasi ilikuwa bado kabatini kwake. Ikabidi dada wote watatu wapatikane. Mmoja alikuwa Oman. Wakala wake alihitaji hati ya uwakili iliyosajiliwa, yaani karatasi ya kumruhusu asaini kwa niaba yake, na ya kwanza aliyotuma dada huyo ilikataliwa kwa sababu haikutaja nyumba yenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua namba ya shauri la mirathi, nenda mahakama iliyoandikwa kwenye fomu, omba kuona jalada. Angalia mambo matatu: msimamizi bado ni yule yule, kwa maana hajatenguliwa, jalada liko wazi au limefungwa, na kama limefungwa, nyumba iliangukia kwa nani. Kama ni warithi, wao ndio wauzaji wako, kila mmoja kwa saini yake.

Halafu kuna kipande ambacho hata mawakili wengine hukiruka. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334, jina la marehemu halihami moja kwa moja kwenda kwa mnunuzi. Kwanza msimamizi husajiliwa kwenye hati kwa nafasi yake ya usimamizi, kisha yeye ndiye anayehamisha. Hizo ni safari mbili za faili, kila moja na muda wake. Ukikutana na mtu anayesema zitaunganishwa ziwe moja, shika fedha yako. Mpwa wangu halipi hata shilingi mpaka safari ya kwanza iishe. Tumeandikiana tu na msimamizi kwamba bei haitabadilika kwa miezi sita.

Hatua ya 4: Mume na mke

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Ridhaa iwe ya maandishi, mbele ya wakili, na aliyesaini uonane naye ana kwa ana. Kama muuzaji ana wake wawili, ulizia nani anaishi katika nyumba hiyo. Sheria hiyo hiyo itakugeukia na wewe siku unapoiweka rehani: benki itamtaka mkeo, kwa hiyo mwambie mapema.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo fedha

Benki kwa kawaida inataka hati miliki safi. Kama huna, mlango uliobaki ni akiba na SACCOS. Mimi kwa nyumba ya kwanza napendelea SACCOS hata kama hati ipo, maana nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na dhamana ni akiba na wadhamini wenzako. Hakikisha tu ina leseni.

Kokote uendako, uliza riba inahesabiwaje kabla ya kuuliza ni asilimia ngapi. Chukua milioni 40 kwa miaka kumi, riba asilimia 18 kwa mwaka. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, utalipa takriban shilingi 721,000 kwa mwezi, jumla kama milioni 86 na nusu. Asilimia hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, ni 933,000 kwa mwezi, jumla milioni 112. Sasa weka vyumba sita, tuseme kila kimoja 50,000: ni 300,000, tena mwezi ambao hakuna chumba kitupu wala bomba lililopasuka. Kodi peke yake hailipi mkopo huu. Pengo linatoka kwenye mshahara wako, na kwa mtumishi wa umma mshahara unaobaki baada ya makato haushuki chini ya theluthi moja. Mpwa wangu nilimshusha kutoka milioni 40 hadi 15, kingine ni akiba yake ya miaka sita.

Ukichelewa rejesho, mkopeshaji mwenye rehani lazima akupe notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Siku hizo ni za kwenda kuzungumza naye, usijifiche.

Na kama ndugu wa nje anakuchangia, jueni mapema kwamba aliyechukua uraia wa nchi nyingine hamiliki ardhi hapa kwa masharti sawa na raia. Mchango wake uandikwe kama mkopo kwako.

Hatua ya 6: Mkataba, kodi, uhamisho

Mkataba uwe wa maandishi na uandaliwe na wakili wako, si wa muuzaji. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa kumtambua mtu. Kuhamisha milki siyo kazi yake. Lipa kupitia benki, kamwe usilipe taslimu mezani. Fomu za ardhi ni namba 29, 30 na 35, pamoja na ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa. TRA wanadai asilimia 10 ya faida kutoka kwa muuzaji, na ushuru wa stempu asilimia 1. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, maana wauzaji wengi hapa hudhani kodi yote ni ya mnunuzi.

Kabla ya kusaini, gonga mlango wa kila mpangaji. Nyumba ya mpwa wangu, mama wa chumba cha mbele alitoa risiti kwenye kopo la sukari: amelipa miezi sita mbele, na minne kati ya hiyo bado hajaikaa. Wawili wengine nao walikuwa na zao. Tukajumlisha miezi yote iliyolipwa mbele, ikafika 450,000, tukamwomba msimamizi aitoe kwenye bei. Alikubali pale pale, na wakili ameiandika kama kifungu cha saba.