Jinsi ya Kuchunguza Namna Wakazi wa Mpakani Wanavyoutumia Mpaka

Ukitaka kuelewa wakazi wa mpakani wanauonaje mpaka wao, usianze na ramani, kwani mipaka mingi ya Afrika ilichorwa na wakoloni waliogawana maeneo wasiyoyajua. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886, kwa mfano, ndiyo yaliyowaweka Wamaasai pande mbili za mstari unaozitenganisha leo Kenya na Tanzania. Anza na nyendo za kila siku: nani anavuka, kwa njia ipi na amebeba nini. Mjini Busia, Kenya inakopakana na Uganda, fuatilia bidhaa moja tu, tuseme gunia la mahindi, kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi, ukiangalia ni wapi shilingi ya nchi moja inabadilishwa kuwa ya nchi nyingine na ni nani anayelipwa kwa kuvusha mzigo. Mpaka uleule unaomzuia mmoja humpa mwingine riziki, maana tofauti ya bei ndiyo biashara yenyewe. Kisha uliza kuhusu ndoa, makaburi, malisho na shule. Maswali ya magendo yaache hadi wenyeji wakuzoee, na majina yao usiyaandike kabisa, kwa sababu daftari huweza kuangukia mikononi mwa askari.