Jinsi ya kupata kiwango cha zamani cha kubadilisha fedha

Kabla ya kutafuta namba, amua unataka kiwango cha siku moja, wastani wa mwezi au cha mwisho wa mwaka. Ankara moja huhitaji cha siku ya muamala. Mapato ya mwaka mzima kwa kawaida huhitaji wastani.

Anza na benki kuu ya mojawapo ya nchi mbili zenye sarafu unazobadilisha. Benki Kuu ya Ulaya, kwa mfano, ina viwango vya kila siku ya kazi tangu Januari 1999. Kwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu, chukua cha siku ya kazi iliyotangulia. Angalia pia kama ni bei ya kununua, ya kuuza au ya kati.

Sarafu zako zisipokuwa na kiwango cha moja kwa moja, pitia ya tatu, kwa tarehe ileile na chanzo kilekile. Tuseme euro 1 ilikuwa dola 1.10, na pia yeni 132. Gawanya 132 kwa 1.10: dola 1 ni yeni 120. Desimali zipunguze mwishoni tu.

Panapoharibika zaidi ni kwenye sarafu zilizofutiwa sifuri, yaani sarafu mpya moja ikachukua nafasi ya maelfu ya zamani. Uturuki iliondoa sita tarehe 1 Januari 2005, Ghana nne mwaka 2007. Majedwali mengine hurekebisha namba za nyuma, mengine huziacha zilivyokuwa. Ukiona thamani imeruka mara 10,000 kwa usiku mmoja, huo si mporomoko wala muujiza. Soma maelezo yaliyo chini ya jedwali.